Hodi Chini ya Blanketi

Kalaba alikuwa mtu wa kuamini macho yake, na asubuhi ile macho yalimwonyesha kitu ambacho angependa sana kutokiamini. Jioni iliyopita alikuwa ameseti taimingi ya gari lake, Pejo, uani, akaikaza distribyuta kwa spana mpaka kiganja kikamuuma, kisha akachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye distribyuta hadi kwenye injini yenyewe, ili ikisogea hata kidogo aone. Sasa mstari ulikuwa umekatika. Nusu ya juu ilikuwa imehama upana wa kidole, nusu ya chini imebaki palepale, na boliti ilikuwa imekaza vilevile alivyoiacha.

"Emilienne," aliita, "nani alifungula boneti?"

"Nani atafungula? Makuku?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mie na hii tumbo, kuokota tu mwiko ni safari."

Kalaba hakucheka. Alilegeza boliti, akairudisha distribyuta mahali pake, akakaza upya, akachora mstari mwingine. Kesho yake asubuhi mstari huo nao ulikuwa umekatika, na nusu ya juu imehamia palepale ilipokuwa jana, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake.

Nyumbani kwao kilisemwa Kiswahili cha ng'ambo ya Ziwa Mweru, kwa sababu Emilienne alikuwa mtu wa Kilwa, upande wa Kongo, na Kibemba cha mumewe kilimkwama mdomoni isipokuwa salamu na matusi. Alikuja Kabuta, upande huu wa ziwa, kuuza vitenge. Vitenge vikaisha, yeye akabaki. Aliyembakisha ni huyu Kalaba, fundi aliyerudi kutoka gereji za migodini akiwa na sanduku la spana na kikohozi. Walipendana kwa ugomvi mwingi, na majirani walizoea.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hawakuligombania kamwe, maana liliwauma wote wawili. Kule Kabuta mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake. Anaitwa Bana fulani, mama wa fulani, mpaka siku ya kufa. Emilienne alikuwa amekaa miaka sita pale na bado aliitwa Emilienne, na kila alipoitwa hivyo ziwani wakati wa kuchota maji alihisi anavuliwa nguo mbele za watu. Mimba mbili zilikuwa zimefika mbali, na zote mbili uchungu ulimshika kabla ya wakati. Mara zote mbili alipelekwa hospitali ya Kashikishi juu ya keria ya baiskeli, palepale panapofungwa vikapu vya samaki, na mara zote mbili mtoto alifia njiani. Mkunga alimwambia waziwazi kwamba ya tatu afike haraka, la sivyo wataomboleza wawili.

Ndiyo maana Kalaba alivuka ziwa, na akarudi na Pejo limesimama juu ya mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja kwa mbao, na Kabuta nzima ikatoka kucheka. Lilikuwa gari kuukuu, la rangi ya maziwa yaliyoganda, na siti yake ya nyuma ilifunikwa mkeka. Aliyemuuzia ni mfanyabiashara mmoja wa Kilwa, André, ambaye hakutaka hata kulipanda mara ya mwisho kulifikisha ufukweni. Alilisukumisha na watu. Kalaba aliona ni maringo ya Wakongomani. Alikuwa na mke mwenye tumbo la miezi saba, na hakuwa na nafasi ya kuuliza maswali.

Siku za mwanzo gari lilikwenda vizuri. Kisha likaanza kukohoa, kulipua moshi, kupiga teke likiwashwa, na ndipo mchezo huu wa distribyuta ulipoanza.

Sasa, kuseti taimingi si kazi ya mtu mmoja. Ndani ya distribyuta kuna platini, vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikiachana ndipo cheche inaruka, na cheche ikiwahi au ikichelewa, injini itakasirika na kugoma. Kalaba alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili ambayo huwaka platini zikiachana. Alichomoa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, akashika hendeli mbele ya gari, tayari kuizungusha polepole. Mtu wa pili kazi yake ilikuwa kuikodolea balbu macho na kupiga kelele inapowaka. Shida ilikuwa jua. Jua la Mweru la saa sita halikuruhusu kuona balbu ya ukubwa wa punje ya hindi, kwa hiyo Emilienne alipanda juu ya kreti ubavuni mwa gari, akainamisha kichwa na mabega juu ya injini, na mumewe akamtandazia blanketi zito, yeye pamoja na injini. Nje ilikuwa mchana kweupe. Chini ya blanketi kulikuwa giza na joto na harufu ya oili.

"Uko tayari?" Kalaba aliuliza kwa mbali.

"Zungusha, bwana. Ninaiva huku."

Hendeli ilizunguka. Kila pistoni ilipopanda, tundu la plagi lilitoa pumzi, fuuu, kisha la pili likafuata, fuuu. Emilienne alikwisha kuzoea mlio huo, ulikuwa hewa tu inayosukumwa nje. Balbu ikawaka, nyekundu na ndogo.

"Inawaka!"

Kalaba akasimamisha hendeli. Hata hivyo pumzi haikusimama. Iliendelea, polepole, lakini si kutoka kwenye matundu ya plagi sasa. Ilitoka pembeni, upande wa shavu lake la kulia, mahali ambapo palipaswa kuwa na blanketi tu.

"Kalaba, ungali unazungusha?"

"Awe, hapana. Nimesimama."

Akanyamaza asikilize, na alivyozidi kusikiliza ndivyo pumzi ilivyozidi kuwa pumzi ya mtu, mtu anayehema kwa kuvumilia maumivu, anavuta, anazuia, anaachia kidogo kidogo, na pamoja nayo ikaja harufu aliyoijua mwilini kabla ya kuijua kichwani, harufu ya kitenge kilicholowa damu na maji ya uzazi kisha kikafungiwa juani, na mtoto tumboni akajikunja akakaa kimya, na katika mwanga ule mdogo wa balbu Emilienne aliona mkunjo wa blanketi mbele yake ukinyanyuka na kushuka, kunyanyuka na kushuka, kwa mwendo uleule wa pumzi.

"Odi," ikasema sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya haya, ya mtu aliyechoka kusimama mlangoni kwa watu asiowajua.

Na Emilienne, ambaye mama yake hakuvumilia mtoto anayemwacha mgeni mlangoni, alijibu kabla ya akili kumfika.

"Karibu."

Balbu ikazimika. Alilitupa blanketi akaruka chini kutoka kwenye kreti, na tumbo lake, na kila kitu. Kalaba alikuwa amesimama na hendeli mkononi, anamtazama.

"Uliambia nani karibu?"

"Kuna mutu alibisha odi."

"Wapi?"

"Mu moteri, Kalaba. Mwanamuke." Aliisema kwa kunong'ona, maana alikuwa na hakika kwamba huyo mwanamke bado anawasikia.

Kalaba alicheka, lakini alicheka akiwa tayari anafunga boneti.

Tangu siku ile nyumba nayo ikaanza vituko vyake. Asubuhi mkeka wa siti ya nyuma ulikutwa umelowa, na mvua hakuna. Kukaonekana nyayo za maji, ndogo, za miguu mitupu, kutoka mlango wa nyuma wa gari hadi kizingiti cha nyumba, zikaishia hapo. Emilienne alizifuta kwa ufagio na hakumwambia mumewe. Baadaye zilivuka kizingiti. Kisha alfajiri moja alizikuta kando ya kitanda, upande wake, vidole vikielekea kwake, na nyayo hizo hazikuwa na za kurudi. Alilala akiwa amejifunga vitenge viwili tumboni kwa woga, na alipovifungua aliona kwenye kile cha juu alama ya kiganja cha maji, vidole vitano vilivyotanuliwa, mahali hasa ambapo mtoto huweka mgongo wake. Hapo alilia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko woga, maana watoto wawili wamekwenda, na huyu wa tatu hata kabla hajazaliwa anapapaswa na mtu mwingine.

"Tuuze hii motoka," alimwambia Kalaba.

"Tukiuza, utaenda na nini? Na baiskeli tena?"

Wote wawili walikaa wakilitazama gari kupitia mlangoni mpaka chakula kikapoa.

Aliyeleta jibu ni Léonie, dada wa mama yake Emilienne, mama mnene mwenye sauti ya mnada, aliyevuka ziwa mara kwa mara na chumvi na mafuta ya mawese na kurudi na magunia ya chisense, wale dagaa wa Mweru. Kwao serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo, kwa hiyo kwenye karatasi zake alikuwa na jina lingine. Mwenyewe alisema akifika katikati ya maji anageuka Léonie tena. Siku hiyo alishuka kwenye lori la samaki akicheka, akaingia uani akicheka, akaliona gari, na kicheko kikaisha.

"Emilienne. Hii motoka mulitosha wapi?"

"Kwa André, tantine. Ule wa Kilwa."

"Mungu wangu." Hakusogea tena hata hatua. "Kuya huku, mutoto wangu. Kuya mbali nayo."

Wakakaa nyuma ya jiko, na Léonie akasema kwa sauti ya chini ambayo Emilienne hakuwahi kuisikia kinywani mwake.

"André alikuwa anatoka Pweto. Mu njia bakamusimamisha. Mwanamuke moya, jina yake Nkulu, uchungu ilimukamata, banamupeleka ku hopitali. Alors, bakamulalisha nyuma. Bakafika ku kijito, moteri ikafwa. André anazungusha manivela, anazungusha, hapana. Yule mama anauliza tu, 'Tumefika?' Banamwambia bado. 'Tumefika?' Bado. Akakufwa pale nyuma, na mutoto wake ndani."

Emilienne alishika tumbo lake.

"Bon. Weye unajua. Ukibeba mufu, unamusemesha. Ku kila maji unamwambia: mama, tunavuka, usibaki. Na kwabo unamwambia: tumefika, shuka. André aliogopa. Alirudisha maiti kwabo, batu bakaitosha mu motoka, yeye akakimbia bila kufungula kinywa. Mwili tu njo ilishuka. Nkulu mwenyewe hakushuka."

"Tantine, alibisha odi."

"Na weye?"

"Nilisema karibu."

Léonie alifunika uso kwa kitenge. Kisha akapangusa macho na kuwa tena mfanyabiashara, mtu wa kutafuta njia.

"Musikie muzuri, weye na bwana yako. Murudishe motoka ng'ambo, mpaka ku mugini yabo Nkulu, ku kaburi yake. Pale mumwambie: tumefika kwenu, shuka. Pale tu. Hapana pengine! Pahali utamushusha njo pahali atabakia, na atatafuta kile alikuwa anatafuta."

"Anatafuta nini?"

Léonie alimtazama tumbo, akaangalia pembeni haraka.

"Alikuwa anaenda kuzala, mama," alisema.

Kalaba aliposimuliwa hakubishana. Jioni ileile alikwenda kwa wenye mitumbwi, wakakubaliana kulivusha gari siku ya soko, wakati mizigo ya Wakongomani inaporudi kwao. Léonie angeongozana nao. Emilienne angebaki Kashikishi karibu na hospitali. Kila kitu kilipangwa vizuri, na mtoto hakuulizwa.

Uchungu ulimshika Emilienne alfajiri ya kuamkia siku ya soko, wakati jogoo wa kwanza anawika. Maji yalimwagika sakafuni, na alipoinua taa aliona kwamba penye maji yake palikuwa na nyayo, zimesimama, zinangoja.

Hakukuwa na muda wa mitumbwi. Kalaba alimbeba, akamketisha mbele, maana nyuma Emilienne alikataa kwa kupiga kelele, akazungusha hendeli, na gari likawaka mara moja, kwa utiifu uliomtisha kuliko ukaidi wake wa siku zote. Wakaifuata barabara ya mchanga kando ya ziwa. Wavuvi walikuwa wanarudi na taa zao majini. Emilienne alihesabu pumzi zake kama mkunga alivyomfundisha, na nyuma yake mtu mwingine naye alihesabu. Hakugeuka. Alijua kwa jinsi springi za siti zilivyolia gari lilipopiga shimo, zikilia kwa uzito wa mtu.

Kwenye kijito kilicho katikati ya safari, pale penye daraja la magogo, injini ikafa.

Kalaba aliruka nje, akafungua boneti, akaona kwa tochi kilekile alichokitegemea: mstari umekatika, distribyuta imerudi mahali pake pa ukaidi. Hakuwa na muda wa balbu wala blanketi. Aliirudisha kwa kukisia, akashika hendeli, akaizungusha kwa nguvu zote. Injini ikapiga teke. Hendeli ilirudi nyuma ikamkata kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia, nayo ikaanguka mchangani.

"Shuka!" Kalaba alifoka kuelekea siti ya nyuma, mkono umening'inia, machozi yakimtoka. "Shuka hapa, toka mu motoka yangu! Twakupapata, mwe!"

Alikuwa anaamuru kwa Kiswahili na kubembeleza kwa Kibemba, yote kwa pamoja, na hakuna kilichotikisika. Mbu tu. Emilienne alisikia uchungu mwingine unakuja, mkubwa kuliko wa kwanza, akajua mahali hapa, akajua kijito hiki ingawa hakuwahi kusimama hapa, kwa sababu vijito vyote ni kimoja, cha safari ya kwanza na ya pili na cha Nkulu kule ng'ambo, ni mahali ambapo mtu anaambiwa bado, bado, mpaka inakuwa kamwe, na ndani yake mtoto alianza kunyamaza kama wale wengine walivyonyamaza, kidogo kidogo, kwa adabu, na hapo nyuma ya shingo yake, karibu kiasi cha kumpulizia nywele, ile sauti ya haya ikauliza:

"Tumefika?"

Emilienne alijua anachopaswa kusema na anachokatazwa kusema. Maneno ya Léonie alikuwa nayo yote, hakuna hata moja alilolisahau. Alifumba macho.

"Bado, mama Nkulu," alisema. "Tunavuka maji. Usibaki. Tunaenda ku hopitali, weye na mie. Nitakushusha pale."

Injini ikawaka. Hendeli ilikuwa mchangani, Kalaba alikuwa ameshika mkono wake uliovunjika, na injini ilinguruma laini, bila kukohoa, jinsi ambavyo hakuwahi kuisikia tangu aivushe ziwa. Aliingia bila kusema neno. Aliendesha kwa mkono mmoja, na njia nzima hakuangalia kioo.

Waliingia Kashikishi anga likipauka, moshi wa kukaushia samaki umetanda juu ya paa. Gari likasimama mbele ya wodi ya wazazi. Uani, kwenye bomba, wanawake wenye matumbo walikuwa wamekwisha kuamka. Mmoja alikuwa anafua kitenge, mwingine anamsuka mwenzake nywele. Emilienne aliwaona vizuri. Baadaye, kila alipotaka kujidanganya kwamba hakuwaona, alikumbuka hata rangi ya kile kitenge.

"Tumefika?" iliuliza sauti.

"Emilienne," Kalaba alinong'ona, "tantine alisema kwabo. Alisema hapana pengine."

Uchungu ukamkunja. Mtoto alipiga teke moja dogo, la mtu anayezama.

"Tumefika, mama Nkulu," Emilienne alisema. "Shuka."

Springi za siti ya nyuma zilipumua. Mlango wa nyuma ukafunguka taratibu, kama unavyofunguliwa na mtu mwenye heshima, ukafungwa. Mkunga, ambaye alikuwa ametoka kuja kumpokea Emilienne, alijibanza ukutani kupisha mtu mlangoni, kisha akasimama pale akijishangaa alikuwa anampisha nani.

Mtoto alizaliwa jua lilipotoka, mvulana, mwekundu, mwenye hasira, akalia mpaka wodi ya pili ikamsikia. Wakamwita Mulenga. Kalaba aliletwa na mkono wake kwenye plasta, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi, akaangalia kitanda.

"BanaMulenga," alisema.

Emilienne hakuwahi kusikia neno tamu kama hilo. Aliliomba mara ya pili, na akapewa.

Alikaa wodini akiugulia na kunyonyesha, na Kalaba alikuja na habari njema juu ya habari njema. Mstari mweupe haukukatika tena. Siti ilikauka. Alikuwa ameuondoa ule mkeka, akakuta chini yake doa kubwa jeusi, akalifuta kwa mafuta ya taa, likatoka lote. Léonie alipita njiani kwenda kwenye mitumbwi. Alimbeba Mulenga, akamkagua vidole, akamrudisha.

"Ulimushusha wapi?" aliuliza.

Emilienne alimfunika mtoto vizuri zaidi, ingawa alikuwa amefunikwa vizuri. Léonie akafunga kitenge chake, akaondoka bila kuaga, yeye ambaye kuaga kwake huchukua nusu ya siku.

Ilikuwa saa sita, siku aliyopaswa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wakunga walikuwa wanakula. Wodi ilikuwa imelala kwa joto, mapazia yamefungwa kuzuia jua, giza la rangi ya blanketi. Kwenye kitanda cha karibu na mlango alilala msichana aitwaye Febby, mimba yake ya kwanza, binti mpole wa Kashikishi aliyeshinda akiwachotea wenzake maji na kumwita kila mtu mama. Uchungu ulikuwa umeanza kumnyemelea asubuhi ile. Alimtabasamia Emilienne na kumwuliza kama inauma sana. Emilienne alimwambia kidogo tu.

Alikuwa anafunga vitu vyake alipoisikia ile pumzi. Ilitoka kwenye korido, nje ya mlango, ikivuta, ikizuia, ikiachia kidogo kidogo. Ikaja na harufu yake. Emilienne alimkumbatia Mulenga, na alijua kwamba ana muda wa neno moja, kwamba neno hilo ni kumwambia Febby asijibu, asifungue kinywa hata mtu akibisha mpaka kesho, na alijua pia kwamba yule mwanamke akikosa kukaribishwa pale, kuna mtu mmoja humu ndani ambaye alikwisha kumkaribisha, na ambaye amekibeba kile mwanamke huyo anachokitafuta.

Mtoto alikuwa na joto kifuani pake. Emilienne hakulisema.

"Odi," ikasema sauti ya haya mlangoni.

Febby aliinuka kwa kiwiko, na maumivu yake yote, akarekebisha kitambaa kichwani kama binti aliyelelewa vizuri.

"Karibu, mama," alisema. "Ingia."